Maumivu ya Mguu Wangu Yalikuwa na Mzizi Kwenye Nyonga

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro mjini, na karibu nusu ya umri wangu nimeipitisha nikikanyaga cherehani ya miguu. Maumivu ninayoyasimulia hapa yalianza msimu wa sare za shule, ule wa Desemba na Januari ambao kila fundi anaujua: wazazi wamejaa mlangoni, vitambaa vimerundikana hadi chini ya meza, na hata chakula unakila hapohapo kwenye stuli. Mwanzoni ulikuwa uchovu wa kiuno tu, upande wa kulia. Baadaye yakahamia kwenye tako, yakashuka pembeni mwa paja, yakapita nje ya goti na kuishia juu kidogo ya kifundo cha mguu. Kulala ubavu wa kulia nikashindwa kabisa. Nikitaka kuinuka ilibidi nishike meza kwanza, nisubiri mguu ukubali, ndipo nipige hatua.

Naandika kwa ajili ya mtu mwenye maumivu ya namna hiyo, aliyekwisha zunguka na kuchoka. Mimi nilipoteza fedha nyingi na usingizi mwingi kabla sijapata mtu wa kunionyesha mahali pa kutafuta, na ninaamini wapo wengi wanaobonyezwa na kuchuliwa kila siku mahali pasipo na kosa lolote.

Kila aliyeniona alikuwa na jina la ugonjwa wangu. Mama mkwe alisema ni baridi yabisi. Jirani akasema ni mshipa. Mteja wangu mmoja, mwalimu, aliniambia bila kuzunguka kwamba hiyo ni siatika, yaani maumivu ya neva kubwa inayoshuka mguuni, na kwamba shemeji yake alipasuliwa mgongo kwa ajili hiyohiyo. Duka la dawa walinipa diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu, nikawa navimeza asubuhi na jioni mpaka tumbo likaanza kuwaka moto. Kuna mama mtaani kwetu ana mikono mizuri sana ya kuchua. Alinichua mguu kuanzia paja hadi kisigino kwa mafuta ya nazi na tangawizi. Usiku ule nililala. Kesho yake jioni maumivu yalirudi palepale. Simlaumu hata kidogo, maana alichua nilipomwambia panauma, na mimi nilimwambia kweli.

Hospitali walinipiga eksirei wakasema pingili zimeanza kusagika. Nikashauriwa nifanye kipimo cha MRI, kile cha kupiga picha ya ndani ya mwili, nikaenda Dar es Salaam. Kipimo chenyewe kilizidi laki tatu, ongeza nauli, ongeza siku ambazo duka lilifungwa na wateja waliochukua vitambaa vyao wakapeleka kwa fundi mwingine. Majibu yaliandikwa kwamba diski, ile sahani laini inayokaa kati ya pingili na pingili, imechomoza kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno. Nikaambiwa nivae mkanda, nisiiname, nisibebe ndoo, na ikizidi tutazungumzia upasuaji. Nilirudi nyumbani nimejaa hofu. Sindano ikianguka namwita binti yangu aje aiokote, kwa kuogopa kwamba nikiinama diski itatoka yote.

Jambo ambalo natamani ningelisikia siku ile ni hili. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti zilizopiga picha za migongo ya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Katika watu wa miaka 20, asilimia 30 walikuwa na diski iliyochomoza. Katika watu wa miaka 80, asilimia 84. Wote hao walikuwa hawaumwi. Kwa hiyo picha yaweza kuonyesha diski, na diski ikawepo kweli, lakini isiwe ndiyo inayokulaza macho. Sisemi kipimo hakina maana. Kuna wanaookolewa nacho. Ninachosema ni kwamba karatasi ya majibu haimalizi habari mpaka mtu akushike mwili na kukuchunguza.

Aliyenishika mwili alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, kijana wa rika la mwanangu wa kwanza. Nilienda kwake kwa shingo upande, nikijua atanifundisha mazoezi ya kunyoosha mgongo. Alinisalimu, "Shikamoo mama," akaisoma ile karatasi ya MRI, akaiweka kando, kisha akaanza kuuliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Je, napata ganzi sehemu za siri au pale ninapokalia? Mkojo unatoka wenyewe, au unagoma? Choo je? Nimepungua uzito bila sababu? Nina homa za jioni, jasho la usiku, kikohozi cha muda mrefu? Nimewahi kuugua kifua kikuu, au kukaa na mgonjwa wake? Nimeanguka? Nimewahi kuwa na saratani? Maumivu yanatulia nikipumzika, au usiku ndiyo yanazidi hata nikiwa nimelala vipi?

Nilifikiri anajaza fomu. Sasa naelewa kwamba maswali yale ndiyo yalikuwa mlango wa kila kitu. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu peke yake. Huingia pia kwenye pingili za mgongo, na kwetu huku si ugonjwa wa hadithi. Mfugaji au mnywaji wa maziwa mabichi anaweza kuwa na maumivu ya kiuno yanayotokana na bruselosi. Na mtu mwenye ganzi sehemu za siri huku mkojo ukimgomea au kumtoka bila kujua, huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa na kila saa inayopita inahesabika. Tafadhali, usianze kutafuta fundo lolote la msuli, yaani sehemu ndogo ya msuli iliyokaza, kabla hujajiuliza maswali haya na kuyajibu kwa ukweli.

Kisha alinilaza chali akaninyanyua mguu ukiwa umenyooka. Akaniambia nivute kidole gumba cha mguu juu huku yeye akikishikilia. Nikatembea kwa visigino, nikatembea kwa vidole. Akagonga goti na kisigino kwa nyundo yake ndogo ya mpira, akanigusa kwa pamba kuanzia pajani hadi unyayoni, pande zote mbili. Nguvu zilikuwepo, hisia zilikuwepo, mguu ukajibu nyundo vizuri. Akasema, "Mama, neva yako inafanya kazi. Hebu sasa tutafute kwenye misuli."

Nililala ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti. Alitafuta kwa vidole ule mfupa unaochomoza pembeni mwa nyonga, akapanda juu yake kama vidole vinne, akawa anapitisha kidole gumba taratibu, kwenda na kurudi, akikatisha msuli. Alikuwa anatafuta kama fundi anavyotafuta sindano iliyosahaulika ndani ya pindo: hachomi, hakandamizi, anasikiliza kwa kidole. Mara akasimama. Mimi mwenyewe nilisikia kitu kimeruka chini ya kidole chake, kigumu, chembamba, na hata ngozi ikashtuka. Akabonyeza hapo, akatulia.

"Unasikia wapi?"

Nilitaka kujibu hapohapo, lakini kabla sijafungua kinywa maumivu yakaanza kushuka. Pembeni mwa paja. Nje ya goti. Juu ya kifundo cha mguu. Yaleyale, njia ileile, na kidole kiko kwenye nyonga! Nililia. Uchungu ulikuwepo, ndiyo, lakini zaidi nililia kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameyashika maumivu yangu mkononi na kunionyesha yanakotoka.

Habari hii si ngeni duniani. Mwaka 1938 daktari John Kellgren, huko London, alichoma maji ya chumvi kali kwenye misuli ya watu waliojitolea, akachora walipoyasikia maumivu. Mara nyingi waliyasikia mbali na sindano ilipoingia. Nchini Marekani daktari Janet Travell alitumia miaka mingi kuichora ramani ya mafundo haya, kila msuli na njia yake ya maumivu, akishirikiana baadaye na daktari David Simons. Travell ndiye aliyemtibu Rais Kennedy mgongo, akiwa mwanamke wa kwanza kuwa daktari binafsi wa rais wa nchi ile, na moja ya mambo aliyoyagundua kwa Kennedy ni kwamba mguu wake mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine. Akamwekea kitu kisiginoni mwa kiatu na kumshauri kiti cha kubembea.

Fundo lenyewe ni nini? Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba sehemu ndogo ya nyuzi za msuli imejikaza na kushindwa kuachia, ikabana damu inayopaswa kuilisha, na kuendelea kuwasha neva zilizo jirani. Wapo wataalamu wasiokubali maelezo hayo, na majaribio yaliyowapa wachunguzi kadhaa mgonjwa mmoja yameonyesha kwamba mara nyingi hawaafikiani fundo liko wapi hasa. Nalisema hili kwa sababu ukienda kwa mtu akakuambia ana uhakika wa asilimia mia kwa kukugusa mara moja, jihadhari. Hata hivyo mwenye mwili ana faida moja ambayo mchunguzi hana: wewe unayajua maumivu yako. Ukibonyezwa mahali na maumivu yako yenyewe yakaamka, unayatambua kama unavyoitambua sauti ya mwanao.

Na hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kutafuta. Mwili wa kila mtu una sehemu zinazouma zikibonyezwa. Nibonyeze popote kwenye tako nitasema inauma. Hiyo haitoshi. Tafuta kwanza ukamba, msuli uliokaza chini ya kidole wakati misuli ya jirani ni laini. Ufuate ukamba huo mpaka penye uchungu mkali kuliko kwingine. Bonyeza hapo, halafu usiondoke. Subiri kama sekunde 10, maana maumivu ya mbali huchelewa kufika. Kisha jiulize: haya ndiyo yanayonisumbua kila siku, au ni uchungu mpya? Kama ni mpya, endelea na safari. Bonyeza na upande wa pili ulinganishe.

Mambo madogo yaliyonisaidia: usipake mafuta wakati wa kutafuta, kidole kinateleza na kuruka ukamba. Tafuta kwenye ngozi tupu au juu ya kanga nyepesi. Msuli uwe umelegea, kwa hiyo lala au egemea. Ukitafuta umesimama utakuta kila kitu kigumu. Pitisha kidole kwa kukatisha nyuzi, usifuate urefu wake. Kidole gumba kikichoka tumia kiwiko, lakini kiwiko hakisikii vizuri, kwa hiyo kidole kitangulie. Binti yangu alikuwa ananitafutia mgongoni nisikofika, na kila tukipata mahali penyewe anaweka alama kwa chaki ya kushonea. Kesho yake tunajua pa kuanzia.

Sasa nikuelekeze sehemu zenyewe, na nitatumia suruali kwa sababu ndiyo ramani ninayoijua.

Pale mfuko wa pembeni wa suruali unapoanzia, kati ya ukingo wa mfupa wa nyonga na ule mfupa unaochomoza pembeni, kuna msuli mdogo uliojificha chini ya mwenzake mkubwa. Madaktari huuita gluteasi minimasi. Huu ndio uliokuwa unaniua. Sehemu yake ya mbele hupeleka maumivu pembeni mwa paja hadi kwenye kifundo cha mguu. Sehemu ya nyuma huyapeleka nyuma ya paja na kwenye kigimbi. Ndiyo maana wengi wanaambiwa wana siatika. Upo ndani, kwa hiyo kidole kiende taratibu na kwa kina, nawe uwe umelala ubavu au chali.

Panda juu kidogo, chini ya mshipi, kuanzia pembeni kuelekea nyuma. Hapo kuna msuli ambao mafundo yake hutandaza maumivu kwenye mstari wa mshipi na juu ya matako. Mtu mwenye maumivu haya hushika kiuno kwa kiganja akisema "huku kote". Ndio rahisi kuliko yote kuupata, na mara nyingi unapopata fundo moja unakuta matatu yamepangana.

Juu ya mshipi, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pembeni mwa ile misuli minene inayoambatana na uti wa mgongo, kuna msuli uitwao kwadratasi lumboramu. Kwangu huu ulikuwa wa pili kwa ubaya. Ukiwa na fundo, kukohoa ni adhabu, kugeuka kitandani ni kazi ya kupanga, na maumivu yanasikika chini kabisa, kwenye nyonga na kwenye tako. Kuufikia, lala ubavu usiouma, mkono wa juu uupeleke juu ya kichwa, mguu wa juu uuache udondoke nyuma ya mwenzake. Hapo nafasi kati ya ubavu na nyonga inafunguka. Bonyeza kuelekea uti wa mgongo, si kuelekea juu. Ubavu wa mwisho hausukumwi, na figo ziko jirani. Kama unapata homa au mkojo unachoma, acha kabisa, nenda kapime mkojo.

Mfuko wa nyuma wa suruali umekalia msuli wa piriformisi, unaokwenda kutoka mfupa wa chini ya mgongo hadi ule mfupa wa pembeni mwa nyonga. Madereva wanaokalia pochi nene wanaufahamu bila kujua jina lake. Chora mstari wa mawazo kati ya mifupa hiyo miwili na utafute juu yake. Hapa kuwa mpole, kwa sababu neva kubwa ya mguu inapita chini yake. Ukibonyeza ukasikia ganzi au shoti ya umeme ikishuka hadi unyayoni, umekanyaga neva, sogea.

Kuna msuli wa ndani unaotoka kwenye pingili za kiuno, unapita mbele ya nyonga na kushika paja. Wakaao kitako siku nzima unawasinyaa. Maumivu yake hupanda na kushuka wima kandokando ya uti wa mgongo na mbele ya paja. Huu mimi siutafuti mwenyewe. Unafikiwa kupitia tumboni, na hapo kuna utumbo na mishipa mikubwa ya damu. Mwachie mtaalamu, wewe unyooshe tu kwa kupiga goti moja chini na kusogeza nyonga mbele bila kuupinda mgongo. Vilevile usibonyeze mahali popote unaposikia mapigo ya damu, kwenye kinena wala nyuma ya goti.

Kwenye kigimbi, msuli wa ndani unaoitwa soliasi ndio unaofanya kazi ya kukanyaga cherehani. Fundo lake hupeleka maumivu kisiginoni, na wakati mwingine, ajabu yake, hupandisha hadi chini ya kiuno. Nilikuwa na kisigino kinachouma kila asubuhi na sikuwahi kukihusisha na mgongo. Kaa, weka kifundo cha mguu juu ya paja la pili, kishike kigimbi kwa kidole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili, uteremke kidogokidogo. Msuli wa juu yake ndio wenye tabia ya kukaza usiku mpaka unaruka kitandani. Ugokoni, upande wa nje, kuna mwingine unaopeleka maumivu kwenye kidole gumba. Huo hupatikana upesi.

Kutibu fundo ni kazi rahisi kuliko kulipata. Ninabonyeza mpaka uchungu ufike kiasi cha tano au sita kati ya kumi, nashusha pumzi, nangoja nusu dakika hadi dakika na nusu. Uchungu ukianza kupungua huku kidole hakijasogea, msuli unaachia. Kwa tako na nyonga natumia mpira wa tenisi nilioununua mitumbani kwa bei ya maandazi machache: nauweka kati yangu na ukuta, naegemea. Ukutani unaweza kupunguza uzito unavyotaka. Sakafuni mwili wote unakaa juu ya mpira na ni rahisi kujiumiza. Usibonyeze kwa hasira. Juma la kwanza nilitamani kulimaliza fundo kwa siku moja, tako likavilia damu, nikashindwa kukaa, na mtaalamu akanizuia nisiguse mpaka lipone. Baada ya kubonyeza weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, kisha unyooshe msuli polepole na kutembea kidogo.

Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda asibonyeze bila kumwuliza daktari wake. Mjamzito vilevile, na mwenye mifupa dhaifu.

Nafuu ilikuja kwa kurudi nyuma na kwenda mbele. Kwanza usingizi, nikaweza kulalia upande wa kulia. Kisha kuinuka. Maumivu ya kifundo cha mguu yakaondoka kabla ya yale ya paja, na yale ya tako yakawa ya mwisho. Kuna majuma yaliyorudisha kila kitu nyuma, hasa nilipopokea kazi ya sare za kwaya na kukaa hadi usiku wa manane. Mume wangu alikuwa amekwisha kata tamaa nami. Aliponiona nimechuchumaa kuchambua mchicha aliita watoto waje waone.

Lakini fundo huwa na chanzo, na ukiliachia chanzo litajifunga tena. Mtaalamu aliniomba nimpelekee picha nikiwa kazini. Aliitazama akanionyesha: stuli yangu ilikuwa chini mno, magoti yapo juu ya nyonga, nimeegemea kulia kwa sababu gurudumu na taa vipo kulia, mguu wa kulia ndio unaosukuma ubao, wa kushoto umewekwa pembeni kama hauna kazi. Siku nzima, mwaka mzima. Nikaongeza urefu wa stuli kwa mto mgumu mpaka magoti yakawa chini kidogo ya nyonga. Nikahamisha taa. Nikajifunza kukanyaga kwa miguu yote miwili, kitu ambacho aliyenifundisha kushona alinisisitizia nikiwa msichana. Kila nikimaliza nguo moja nasimama, najinyoosha mbele ya dirisha, nakaa tena. Mwishowe nilifunga mota kwenye cherehani ileile ya zamani. Ilinibidi niweke akiba msimu mzima, lakini ukilinganisha na fedha za kipimo, vidonge na nauli, ilikuwa nafuu, nami nawashauri mafundi wenzangu waanze na mota kabla mwili haujawadai.

Diski yangu bado ipo kwenye picha. Siku hizi nabeba ndoo, nainama, naokota sindano zangu mwenyewe. Fundo la nyonga hujitokeza nikichoka sana, na sasa nalitambua siku ya kwanza, natoa mpira wangu, namaliza.

Tangu habari zienee sokoni, watu huja dukani kuniomba niwatafutie. Naonyesha ninachokijua na wengine nawapeleka kwa yule kijana. Kuna fundi mwenzangu alikuja baada ya safari ndefu ya basi kutoka Mwanza, kigimbi cha kushoto kinamuuma, akataka nimbonyeze hapohapo. Nilipokishika kilikuwa cha moto na ngozi imevutika inang'aa. Nikamwambia sikigusi, twende hospitali. Walikuta damu imeganda kwenye mshipa wa mguu. Kukanda au kubonyeza mguu wa namna hiyo kunaweza kulisukuma donge la damu mpaka mapafuni.

Futi ninayo shingoni siku zote, kwa hiyo mtu akija na kigimbi kinachouma napima miguu yote miwili kwanza, sentimita 10 chini ya ile nundu ya mfupa iliyo mbele ya mguu chini ya goti. Mmoja ukiwa mnene kuliko mwenzake kwa zaidi ya sentimita 3, namtuma hospitali. Na hata kama vipimo vinalingana, mguu ukiwa wa moto, umevimba, au mwenyewe analalamika kukosa pumzi, namtuma vilevile.